Vijay alikufa, Amitabh akabaki

Kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam kuna kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini picha ikiisha amesimama. Amitabh Bachchan ndiye aliyewaharibia watu kanuni hiyo. Mwaka 1975 peke yake alikufa mara mbili. Januari, kwenye Deewaar (yaani Ukuta), akiwa Vijay, alikata roho hekaluni mikononi mwa mama yake, kwa risasi ya mdogo wake wa damu. Agosti, kwenye Sholay, alibaki nyuma kulilinda daraja ili mwenzake asalimike. Akafa tena 1978 kwenye Muqaddar Ka Sikandar, akafa 1982 kwenye Shakti, na safari hiyo aliyefyatua risasi alikuwa baba yake mzazi, ofisa wa polisi.

Na kadiri alivyokufa ndivyo watu walivyozidi kupanga foleni. Sura yake na ile sauti nzito havitoshi kulieleza jambo hilo. Inabidi kuitazama India yenyewe ilivyokuwa miaka ile.

Watu hupenda kusema kwamba maisha ya Bachchan ni kioo cha historia ya India huru. Nakubali nusu. Tarehe zinaoana mno kiasi cha kushuku kwamba kuna mtu aliziandika. Lakini kioo hakina hatia, kinaonyesha tu kilichosimama mbele yake, na hapa kuna zaidi ya hapo. Ninachokiona katika kazi yake ya zaidi ya miaka 50 ni hasira ya mamilioni ya watu iliyokabidhiwa mtu mmoja aibebe, kisha mtu huyo akaja kuketi upande ule ule uliokuwa umekasirikiwa. Sisemi kwamba alifanya hila. Alipokelewa kwa shangwe huku na huko.

Tuanze na anakotoka, kwa sababu ndipo kejeli ya kwanza ilipo. Kijana tuliyezoea kumwona akibeba mizigo bandarini alizaliwa Allahabad, Oktoba 1942, miezi miwili tu baada ya Gandhi kuwaambia Waingereza waondoke India. Baba yake, Harivansh Rai, alikuwa mshairi mkubwa wa Kihindi aliyepata shahada ya udaktari Cambridge kwa utafiti juu ya mashairi ya Yeats wa Ireland. Jina la ukoo lilikuwa Srivastava, jina linalomtaja mtu tabaka lake. Mshairi huyo aliliweka kando na kuwapa watoto wake lile alilotumia kwenye mashairi: Bachchan. Allahabad ndio mji wa kina Nehru, ukoo wa mawaziri wakuu wa India, na familia hizo mbili zilikuwa na urafiki wa kuingiliana majumbani. Amitabh na Rajiv, mjukuu wa Nehru na mtoto wa Indira Gandhi, walijuana tangu utotoni. Kabla ya sinema alikuwa mwajiriwa wa kampuni huko Calcutta. Njaa ya Vijay, basi, aliivaa kama vazi la jukwaani. Alilivaa vizuri kuliko mtu yeyote, hilo halina ubishi.

Picha yake ya kwanza, Saat Hindustani ya 1969, ilihusu wazalendo saba waliokwenda kuikomboa Goa kutoka kwa Wareno. Ni picha ya kizazi cha uhuru, yenye imani kwamba Waislamu, Wahindu, Wakristo na Masingasinga wakishikana mikono adui ataondoka. Haikuuza. Imani hiyo ilikuwa imeanza kuchakaa. Nehru alikuwa amekufa 1964, mabwawa na viwanda alivyoviita mahekalu ya India mpya vilikuwepo, lakini ajira hazikuwepo. Mwaka 1971 Indira alishinda uchaguzi kwa ahadi ya kuondoa umaskini, na mwishoni mwa mwaka huo akaishinda Pakistan vitani. Kisha mvua zikakosekana. Halafu 1973 bei ya mafuta ikapanda dunia nzima. Chakula kikawa ghali, wanafunzi wakaingia barabarani Gujarat, kisha Bihar. Mei 1974 wafanyakazi wa reli wapatao milioni 1.7 waligoma kwa siku 20 wakiongozwa na George Fernandes. Serikali iliuvunja mgomo huo kwa kukamata watu kwa maelfu.

Katikati ya mambo hayo, Mei 1973, ikatoka Zanjeer. Nyota kadhaa walikuwa wameikataa nafasi ya Inspekta Vijay, mtu asiyecheka, asiyeimba, anayelipiga teke kiti kituoni kabla ya mhalifu hajakalia. Waandishi wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, walikuwa wameandika mtu ambaye sinema ya Kihindi haikuwa naye. Mashujaa wa kabla yake walilia kwa ajili ya mapenzi au walitabasamu katika umaskini. Huyu hakutabasamu. Kuanzia hapo jina Vijay likawa lake, likirudi picha baada ya picha.

Ukitaka kumwelewa, kaa na Deewaar. Watu wanaikumbuka kwa ubishi wa ndugu wawili chini ya daraja, mmoja akitaja magari na majumba yake, mwingine akijibu kwamba yeye ana mama. Mimi naona kiini kiko mwanzoni, sehemu ambayo wengi tuliichukulia kama utangulizi tu. Baba yao ni kiongozi wa wafanyakazi wa mgodi. Mwenye mgodi anawateka mke na watoto, naye analazimika kutia sahihi mkataba wa kuwasaliti wenzake. Wafanyakazi wale wale aliowatetea wanampiga. Anatoroka kwa aibu. Kisha wanamkamata mtoto mkubwa na kumchora mkononi maneno yasiyofutika, kwamba baba yake ni mwizi.

Zingatia waliomchora. Si tajiri, si polisi. Ni wafanyakazi.

Kwa hiyo picha inapofika bandarini Bombay, na Vijay ambaye sasa ni kuli anakataa kuwalipa majambazi wanaotoza wapagazi kila wiki, tayari ameshajifunza asimtegemee mwenzake yeyote. Anaingia ghalani peke yake, anafunga mlango mwenyewe, na kuwapiga wote. Wapagazi wenzake wako nje, wanasubiri kushangilia. Sinema nzima inashangilia nao. Mwaka mmoja kabla, watu milioni 1.7 walikuwa wamejaribu njia nyingine, ya wengi, wakashindwa. Picha iliwapa njia ya mmoja, ikashinda kwa dakika kumi, halafu ikamwua. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya Vijay: aliruhusiwa kusema kila kitu ilimradi awe peke yake, na mwisho afe ili sheria ibaki mahali pake. Hata bastola iliyomwua, mama yao ndiye aliyemkabidhi mtoto polisi akimwombea mkono usitetemeke. Ni mama yule yule wa taifa aliyekuwa kwenye picha za wakati wa Nehru, ila sasa amechoka na watoto wake hawaelewani.

Huku pwani, ambako watu walijazana Avalon ya Dar es Salaam, Majestic ya Zanzibar na Naaz ya Mombasa kutazama picha la Kihindi, hakukuhitajika mkalimani wa hayo. Namba ya beji ya Vijay bandarini ilikuwa 786, na mtoto yeyote aliyepita chuoni alijua hiyo ni hesabu ya Bismillahi. Na miaka ya foleni za sukari na sabuni ilipotufika sisi, kila mtaa ulikuwa na nyumba iliyojengwa kwa fedha za magendo na mama aliyejua. Mwaka 1983, Tanzania ilipowasaka wahujumu uchumi, ule ubishi wa ndugu wawili ulikuwa umeshaingia majumbani mwa watu, wimbo wake ukibadilika lugha tu.

Rudi India. Juni 25, 1975, Indira Gandhi alitangaza Hali ya Hatari. Wapinzani walifungwa, magazeti yakapitiwa kabla ya kuchapwa, na hali hiyo ikadumu miezi 21. Sholay ilitoka Agosti 15 mwaka huo huo, siku ya uhuru. Mpango wake ni mzito kuliko farasi na milipuko inavyoonyesha: ofisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi anawaajiri wezi wawili wamfanyie kazi ambayo sheria haiwezi tena kuifanya. Katika mwisho uliopigwa kwanza, ofisa huyo anamwua jambazi kwa miguu yake. Wakaguzi wa filamu walikataa. Ikabidi mwisho upigwe upya, polisi wafike dakika ya mwisho na kumchukua jambazi chini ya ulinzi. Serikali iliyokuwa imesimamisha haki za raia wake ilidai ndani ya sinema sheria ifuatwe mpaka mwisho.

Na Bachchan? Alikuwa rafiki wa nyumba ya Indira. Kishore Kumar, mwimbaji, alikataa kuutumikia utawala ule na nyimbo zake zikaondolewa kwenye redio ya taifa. Bachchan hakusema lolote la kukumbukwa. Magazeti ya udaku wa sinema yalimsusa kwa miaka mingi, yakimshuku kuwa alichangia katika kubanwa kwao, jambo ambalo amelikana. Shujaa aliyewakilisha hasira dhidi ya serikali alikuwa anakula chakula cha jioni na wenye serikali, na watazamaji hawakuona mkanganyiko wowote. Pengine hawakutaka kuuona.

Utawala ule ulianguka kwenye uchaguzi wa 1977, na mwaka huo kikaja kicheko. Kwenye Amar Akbar Anthony ndugu watatu wanapotezana wakiwa wadogo siku ya Agosti 15, mmoja analelewa Kihindu, wa pili Kiislamu, wa tatu Kikristo. Bachchan ni Anthony, muuza pombe mwenye roho nzuri. Wenye kuchambua filamu waliidharau kwa upuuzi wake, na kweli upuuzi umo tele. Lakini nikilinganisha na yaliyofuata, naiona kama picha ya nchi iliyokuwa bado inajiamini kiasi cha kuchekea dini hizo zote tatu kwa pamoja.

Mwaka 1982 una mambo mawili ambayo sijawahi kuona yakiwekwa sentensi moja. Januari, wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay, karibu robo milioni, waligoma wakiongozwa na Datta Samant. Mgomo huo haukumalizika rasmi. Viwanda vilikufa navyo, na baadaye ardhi yake ikaota maduka makubwa na maghorofa. Julai, huko Bangalore, Bachchan aliumia tumboni akipiga picha ya ugomvi ya Coolie, akakaa hospitali ya Breach Candy kati ya uhai na kifo. Nchi nzima ilisimama. Watu walifunga, walitembea kwa miguu kwenda mahekaluni, misikitini na makanisani. Indira Gandhi alikwenda kumtazama. Na ndani ya Coolie anacheza kama nani? Iqbal, Mwislamu, mpagazi wa stesheni ya reli anayeongoza mgomo wa wapagazi wenzake. Ndiyo picha inayonipinga mimi katika hoja yangu, kwa sababu humo hayuko peke yake, ana wenzake. Ila wakati taifa linamwombea mgomaji wa kwenye skrini, wagomaji wa Bombay walikuwa wanauza vyombo vya nyumbani. Iqbal alipangwa afe. Baada ya ajali mwongozaji Manmohan Desai alibadilisha mwisho, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuvumilia kumzika mara ya pili.

Oktoba 31, 1984, Indira aliuawa na walinzi wake. Siku zilizofuata Masingasinga walichinjwa Delhi, zaidi ya 2,700 kwa hesabu ya serikali yenyewe. Rajiv alirithi kiti, akaitisha uchaguzi Desemba, na akamwita rafiki yake. Bachchan aligombea Allahabad dhidi ya Hemwati Nandan Bahuguna, mwanasiasa mkongwe aliyewahi kuwa waziri mkuu wa jimbo la Uttar Pradesh, ulipo mji huo, akamshinda kwa asilimia 68 ya kura. Chama cha Congress kilipata viti zaidi ya 400, ushindi ambao hakijawahi kuupata tena.

Sasa Vijay alikuwa mbunge wa chama tawala. Haikudumu. Mwaka 1987, kashfa ya rushwa ya mizinga ya Bofors ya Sweden ilipoivaa serikali ya Rajiv, jina la Bachchan na la mdogo wake yalitajwa, naye akajiuzulu ubunge. Alikwenda mahakamani kujisafisha, na mwaka 2012 mkuu wa zamani wa upelelezi wa Sweden alisema hadharani kwamba hapakuwa na ushahidi wowote dhidi yake. Miaka 25 ni mingi kwa mtu kusubiri kauli kama hiyo. Lakini madhara ya kisinema yalikuwa ya papo hapo. Shahenshah ilipotoka 1988, usiku mhusika akivaa chuma mkononi kuwaadhibu wala rushwa, watu waliitazama na kuishangilia, ila yule mtu wa 1975 aliyesadikika kuwa hana cha kupoteza hakuwepo tena.

Kisha 1991. Rajiv anauawa Mei. Julai, India ikiwa na fedha za kigeni za kuagiza bidhaa kwa wiki chache tu, baada ya dhahabu yake kusafirishwa London kuwekwa rehani, waziri wa fedha Manmohan Singh anaufungua uchumi. Mei 1992 Bachchan anatoka na Khuda Gawah, akiwa Mpathani mwenye heshima yake kutoka Afghanistan. Desemba 6 mwaka huo msikiti wa Babri huko Ayodhya unabomolewa na umati, na Bombay, mji wa Vijay na Anthony, unaingia katika mauaji yaliyoua watu wapatao 900. Bachchan alikuwa amepumzika uigizaji. Mashujaa wapya walikuwa vijana wa Kihindi wenye nyumba London, wanaocheza harusini. Hakuna kuli hata mmoja.

Alijaribu kuingia kwenye uchumi mpya kwa jina lake mwenyewe: mwaka 1995 alianzisha kampuni ya burudani, ABCL, ikaandaa mashindano ya Miss World Bangalore 1996, ikazama kwenye madeni. Mwisho wa muongo huo alikuwa mtu wa kugongewa mlango na wadai. Hapa, nakiri, ndipo ninapompenda zaidi. Hakukimbia. Alimfuata Yash Chopra, yule mwongozaji wa Deewaar, akamwambia anahitaji kazi. Akapewa nafasi ya mkuu wa shule mkali kwenye Mohabbatein, mzee anayepinga mapenzi ya vijana. Mwasi wa 1975 alikuwa amekuwa ukuta wenyewe.

Julai 3, 2000, alikalia kiti cha Kaun Banega Crorepati, shindano la maswali lenye zawadi ya rupia milioni 10. Watu wa sinema walimwonya kwamba televisheni itamshusha. Badala yake ilimfikisha kila sebule. Nimetazama vipindi vingi vya shindano hilo kuliko inavyofaa kusema, na kinachonivutia ni adabu yake: anamvutia kiti mke wa mkulima, anamwuliza mwalimu wa kijijini mshahara wake, macho yanamlenga. Mwaka 2011 kijana wa Motihari, Bihar, karani wa kompyuta katika mpango wa serikali wa ajira vijijini, alishinda rupia milioni 50. Hakuna picha iliyowahi kuwa na mwisho mtamu hivyo.

Lakini linganisha na ghala la bandarini. Pale, maskini mmoja alitoka kwenye umaskini kwa ngumi. Hapa anatoka kwa majibu 15. Katika yote mawili wenzake wako nje wakishangilia, na mfumo uliomweka maskini hauulizwi swali. Kwa hiyo sioni kwamba Bachchan wa 2000 alimsaliti Vijay. Naona alimkamilisha. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1975 aliyebahatika alilazimika kufa, na mwaka 2000 alipewa hundi.

Tangu hapo sauti yake imekuwa ya umma kwa namna ambayo hakuna mwanasiasa anayeweza. Alipowakemea wazazi kwenye matangazo ya chanjo ya polio, walikwenda. Mgonjwa wa mwisho wa polio India alipatikana Januari 2011. Mwaka mmoja kabla ya hapo alianza kutangaza utalii wa Gujarat, wakati waziri mkuu wa jimbo hilo akiwa Narendra Modi. Januari 22, 2024, alikuwa miongoni mwa wageni Ayodhya wakati Modi akizindua hekalu la Rama pale ulipokuwa msikiti. Ni haki yake kwenda kwenye ibada ya dini yake, na Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeruhusu ujenzi tangu 2019. Ila aliyewahi kuvaa 786 angeweza, sidhani kama ni kumdai mno, kusema neno moja kwa wale waliokuwa na hofu siku ile. Mwaka 2020 alikuwa amecheza Mwislamu kwenye Gulabo Sitabo: mzee bahili wa Lucknow anayeng'ang'ania jumba bovu linaloporomoka. Uigizaji wa hali ya juu. Umbali kati ya Iqbal na mzee huyo nawaachia Wahindi wenyewe waupime.

Je, hasira yenyewe ilikwenda wapi? Ilihamia kusini, kwenye lugha nyingine. Pushpa ya 2021, ya Kitelugu, inamwonyesha kuli wa msituni anayekata magogo ya msandali mwekundu kwa ajili ya walanguzi, mtoto wa nje ya ndoa aliyenyimwa jina la ukoo na ndugu zake, kama Vijay wa Trishul mwaka 1978. Sehemu ya pili ilipotoka Desemba 2024, toleo lake la Kihindi lilipita mapato ya picha za Bombay zenyewe. Humo Pushpa, tayari ni tajiri, anamwomba waziri mkuu wa jimbo wapige picha ya pamoja ili mkewe aitundike ukutani. Waziri anakataa kusimama na mlanguzi. Vijay angemfuata ofisini kwake na kulipa kwa damu. Pushpa anahesabu fedha na kumweka waziri mkuu mwingine.